Magogo kwanza, mashine baadaye

Swali limetoka kwa fundi seremala wa Nachingwea: "Shikamoo mjomba. Nina karakana ya samani, na msimu huu korosho zimenipa hela kidogo. Nataka kununua mashine ya kupasulia magogo ya msumeno wa mkanda, ile iliyo juu ya tela, niwe naivuta kwa Hilux yangu kijiji hadi kijiji: Ruangwa, Liwale, Masasi, hata Newala. Watu wana mikorosho mizee, miembe, wengine wamepanda mitiki. Je, italipa? Hilux itaiweza? Na injini nichukue ya petroli au ya dizeli?"

Marahaba, mpwa wangu. Hongera kwa msimu mzuri, na hongera zaidi kwa kutaka kuiweka hela ya korosho kwenye chombo cha kazi. Nikujibu moja kwa moja: mashine hii inaweza kukulipa, ila si kwa mpango ulioniandikia. Wewe umeipenda kwa sababu ina magurudumu. Mimi nakuomba uyaone magurudumu hayo kuwa ni njia ya kuifikisha kazini, basi. Hela inaingia pale tu mkanda unapopita ndani ya gogo. Kila saa iliyo barabarani inakula mafuta ya gari, matairi, beringi na posho za vijana, na haijatoa ubao hata mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza si Hilux wala injini. Swali la kwanza ni magogo: yako wapi, ya mti gani, ni ya nani, na yana karatasi?

Kwenye aina ya mashine nakuunga mkono, na sababu yake ni hesabu. Mbao nyingi tunazouziwa huku kusini zimechanwa kwa chenso, kwa jicho na uzi wenye rangi. Mnyororo wa chenso hula kama milimita 8 hadi 10 za mti kila unapopita. Mkanda hula 2 hadi 3. Chukua gogo unalolichana mbao za inchi moja, ukapitisha msumeno mara kumi: chenso imegeuza vumbi sentimita 8 hadi 10 za mti, yaani mbao tatu au zaidi, mkanda umegeuza vumbi ubao mmoja. Kwenye mninga au mkongo, mbao hizo mbili tatu ulizookoa katika kila gogo ndizo zitakazoilipa mashine. Tena ubao wa mkanda unatoka na unene mmoja kichwa hadi mkia, kwa hiyo ukifika karakanani randa haipotezi muda kuondoa mawimbi.

Sasa tuyaangalie magogo uliyoyataja.

Mkorosho upo mwingi kweli. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kwa miaka mingi wamehimiza mashamba yaliyosongamana yapunguzwe, mikorosho mipya ipandwe mita 12 kwa 12, na mizee iliyochoka ikatwe ichipue ibebeshwe vikonyo vya mikorosho bora, au iondolewe kabisa. Magogo hutayakosa. Lakini utazame mkorosho vizuri kabla hujaupigia hesabu: shina fupi, limejipinda, limegawanyika matawi karibu na ardhi. Ukipata gogo la mita 2 lililonyooka, shukuru. Ubao wake ni mwepesi, wadudu wanaupenda, na utomvu wake unaganda juu ya mkanda na kuacha weusi. Unafaa makreti, fremu za ndani za makochi, mbao za kumwagia zege. Usimwahidi mteja kitanda cha mkorosho. Ushauri wangu ni kwamba mkorosho uuchane pale tu mwenye shamba anapokulipa kwa kazi ya kuchana. Wewe usiununue.

Mwembe ni habari nyingine. Miembe mizee ya vijijini ina shina nene, na ubao wake una michoro inayopendeza sana kwenye meza pana. Una shida mbili. Kwanza ni ukungu na wadudu: gogo la mwembe likiachwa limelala, haichukui muda linapata madoa ya bluu na vijitundu. Kwa hiyo mti uangushwe mashine ikiwa imeshafika, na mbao zipangwe kivulini na vijiti katikati siku hiyo hiyo. Pili ni misumari. Mwembe wa uani umepigiliwa kila kitu, kuanzia kamba ya nguo hadi bango la mgombea. Mti unakua, unaufunika msumari, gome linapona, nawe huuoni mpaka meno ya mkanda yanapolia. Nunua kile kifaa kidogo cha mkononi cha kutafutia chuma, na upitishe kwenye kila gogo lililotoka karibu na nyumba. Tazama pia kichwa cha gogo: kwenye miti mingi chuma kilichojificha huacha doa jeusi au la bluu linalokimbia na nyuzi za mti. Ukiliona, kata kipande hicho uweke pembeni kiwe kuni.

Mtiki ndio unaowashangaza mafundi wengi. Ukiushika si mgumu kama mkongo, unapasuka kwa ulaini, unadhani mkanda mmoja utakupeleka hadi jioni. Ndani yake una silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga, na silika hiyo inasaga makali kimya kimya. Ukitaka kuchana mitiki kwa wingi, iwe ya mkulima au iliyonunuliwa kwenye mnada wa Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, agiza mikanda ambayo ncha za meno zimewekwa chuma kigumu zaidi. Ni ya bei, lakini kwenye mtiki inarudisha. Na mitiki michanga inayokatwa kupunguza msongamano shambani, ile yenye unene wa sentimita 20 hivi, ina kiini kidogo na sehemu kubwa nyeupe ya nje isiyodumu. Mweleze mkulima mapema, asije akadhani umembadilishia mbao.

Mnazi hukuutaja, ila ukishuka pwani, Lindi au Mikindani, utaitwa kuchana minazi iliyokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea. Sehemu ya nje ya shina la chini ni ngumu mno na inafaa nguzo na sakafu. Katikati ni laini, haina kazi. Mnazi humaliza makali haraka kuliko mti wowote niliokwisha kuutaja. Kama huna ile mikanda ya ncha ngumu, kataa kwa adabu.

Ukikutana na mvule wa shambani, jua kwamba mara nyingine mti huo hujitengenezea mawe meupe ndani ya kiini, chokaa iliyoganda, hasa karibu na jeraha la zamani. Hakuna kifaa cha chuma kitakachokuonya. Sukuma kichwa cha mashine taratibu, sikiliza sauti. Vumbi la mvule pia linawasha kifua na ngozi, kwa hiyo barakoa si hiari.

Hapo ndipo tunafika kwenye magogo ambayo kwa maoni yangu yanaihalalisha mashine yako: mninga, mkongo, mpangapanga na ndugu zao kutoka misitu ya hifadhi ya vijiji. Katika mkoa wetu wa Lindi kazi hii ina mizizi. Kule Kilwa, shirika la uhifadhi wa misitu la MCDI, lenye makao yake Kilwa Masoko, lilivisaidia vijiji kupata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Liwale, Ruangwa na Nachingwea kwako ilifanya kazi programu ya FORVAC, iliyofadhiliwa na Finland, ikivisaidia vijiji kupima misitu, kuandaa mipango ya uvunaji na kutafuta soko. Kijiji chenye mpango wa uvunaji hakikati mti mmoja hapa na mwingine kule. Kinajua miti mingapi ya kila aina itavunwa mwaka huo, na magogo yake yanaweza kukusanywa uwanja mmoja. Hapo unaiegesha mashine, unaikalia kazini wiki mbili au tatu, unaondoka mara moja. Safari moja, magogo mengi. Hiyo ndiyo biashara. Kwenda Newala kwa ajili ya mwembe mmoja wa shemeji yake fulani, hata akikulipa vizuri, unarudi na hasara.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi ya mashine, nenda ukakae na kamati za maliasili za vijiji viwili vitatu. Uliza mpango wa uvunaji upo? Miti gani, kiasi gani, lini? Nani amekuwa akinunua? Wanauza gogo au wanataka kuuza mbao? Kijiji kinachotaka kuuza mbao chenyewe ndicho mteja wako bora, kwa sababu wewe unauza huduma ya kuchana na gogo linabaki mali yao. Hutafungia mtaji wako kwenye magogo.

Suala la karatasi nalisema kwa uzito wake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, misitu ya kusini ilisogea karibu na Dar es Salaam, na miaka iliyofuata magogo yalitoka huku kwa wingi wa kutisha, mengi bila kibali. Ukali unaouona leo kwenye vizuizi umetokana na miaka ile, na mimi nauona ni wa haki. Mninga, mkongo, mvule na mpingo hauukati kwa ruhusa ya mwenye shamba peke yake, hata kama umeota katikati ya mihogo yake. Kunatakiwa kibali, mrabaha, na gogo kugongwa nyundo, yaani kutiwa alama rasmi. Mbao zikiondoka zinahitaji hati ya kusafirishia. Wewe mwenye mashine unaweza kusema, "Mimi nachana tu, mzigo si wangu." Ofisa akikukuta na gogo lisilo na nyundo juu ya mashine yako, maneno hayo hayatakusaidia, na chombo chako ndicho kitakachoshikiliwa. Weka daftari. Kabla gogo halijapanda, andika alama yake, mwenye nalo, namba ya kibali. Pita ofisi ya TFS ya wilaya uulize usajili gani unahitajika kwa mashine yenyewe, maana masharti hufanyiwa marekebisho na wao ndio wenye yale ya sasa. Hata kwa mwembe na mkorosho, ambayo ni miti ya kupandwa, anzia ofisi ya kijiji upate barua.

Ukishajua magogo, ndipo uzungumzie mkanda, kwa sababu mwenye mashine hii kazi yake kubwa ni kutunza makali. Mkanda wa mashine za saizi unayoifikiria una urefu wa kama mita 4 kuzunguka, upana wa milimita 32 au 38, na unene wa milimita moja na kitu. Jino lina pembe ya kuinamia mbele. Digrii 10 ndiyo pembe inayouzwa zaidi, inafaa mwembe na mkorosho. Kwa mkongo, mpangapanga na gogo lolote gumu lililokwisha kukauka, agiza digrii 7 au 4. Jino lililoinama sana likikutana na mti mgumu linajichimbia, mkanda unapanda na kushuka, na ubao unatoka na mawimbi. Meno pia yamepindishwa kushoto na kulia, takribani nusu milimita kila upande, ili mkanda upite bila kubanwa. Ukinoa bila kurudisha mpindo huo, utakuwa na mkanda mkali usiokwenda sawa.

Ndiyo maana bei ya mashine haisomwi peke yake. Isome pamoja na mashine ya kunolea, kifaa cha kupindishia meno, na mikanda ya kutosha, walau boksi mbili. Hela isipotosha vyote, punguza ukubwa wa mashine, usipunguze vya kunolea. Nimeona mashine nzuri kabisa zimefunikwa maturubai nyuma ya nyumba, injini nzima, tela zima, mwenyewe anasubiri mikanda kutoka Dar es Salaam. Ukiwa Liwale katikati ya kazi ya kijiji na mikanda yote imekuwa butu, hakuna wa kumkimbilia. Ni lazima kijana mmoja wa kwako ajue kunoa, na kazi yake iwe hiyo.

Mkanda uutoe kabla haujafa makali. Kwenye mti mgumu hiyo ni baada ya saa moja au mbili za kuchana, mapema zaidi kama gome ni chafu. Mkanda butu hausemi umechoka. Unaanza kukataa kwenda, wewe unasukuma, unapata moto, unavutika, nyufa ndogondogo zinaanza kwenye mabonde ya katikati ya meno, kisha unakatika ndani ya gogo. Wakati wa kunoa, jiwe lifuate jino lote mpaka chini ya bonde, lisiguse ncha tu. Huko chini ndiko chuma kinakochoka.

Adui mkubwa zaidi ya msumari ni mchanga. Udongo wetu mwingi, kuanzia Tandahimba hadi Mtwara vijijini, ni wa kichanga, na gogo likiburutwa na trekta linajaza mchanga kwenye kila ufa wa gome. Msumari unaharibu mkanda mara moja moja, mchanga unaharibu kila siku. Mpe kijana panga na brashi ya waya, abandue gome mahali mkanda utakapoingilia. Dakika tano hizo ni za faida kubwa. Afadhali zaidi gogo lisiburutwe ardhini. Libiringishwe juu ya nguzo mbili.

Mkanda unahitaji maji yanayodondoka kidogo kidogo, yenye sabuni ya maji, ili utomvu usigande. Nachingwea unaweza usilifikirie hilo. Ukipanda uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni mali, na si haki kufika kijijini ukaanza kuomba ndoo ambazo akina mama wamezifuata mbali. Beba madumu yako. Jioni funga maji, pitisha mkanda bila gogo ukauke, ufute kwa kitambaa chenye mafuta. Kwa hewa ya pwani, mkanda ulioachwa na maji unaamka na kutu.

Ubao ukitoka na mawimbi, usikimbilie kulaumu mashine. Tazama makali, kisha mvutano wa mkanda, kisha mpindo wa meno, halafu zile rola mbili za kuuongoza mkanda: zinatakiwa kuukandamiza chini kama milimita 6 kutoka mstari wa magurudumu yake. Kwa mpangilio huo. Mara nyingi utaishia kwenye makali.

Sasa Hilux. Itaiweza, kwa masharti. Mashine ya kuvutwa isiyo na haidroliki, ambayo gogo unalipandisha kwa winchi na kuligeuza kwa mikono, uzito wake huwa karibu na tani moja, nyingine chini ya hapo. Zenye mikono ya haidroliki ya kupakia na kugeuza zinaelekea tani mbili. Fungua kitabu cha gari lako utazame uzito wa kuvuta. Kuna namba mbili, ya tela lenye breki na ya lisilo na breki, na hiyo ya pili kwa magari mengi ya aina hiyo ni kilo 750. Maana yake tela lako ni lazima liwe na breki zake. Ukishuka kutoka uwanda wa Makonde na tani moja inayokusukuma mgongoni, breki za gari peke yake zitanuka. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Kuna jambo dogo linaloleta ajali kubwa. Mashine zilizotengenezwa Marekani mara nyingi huja na kikombe cha kufungia cha inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kichwa cha mpira kwenye magari mengi ni cha milimita 50. Unafunga, inaonekana imeshika, kumbe ina mchezo, na barabara ya makorongo inauongeza mchezo huo kila kilomita. Pata kichwa cha saizi inayolingana, kifungwe kwa bolti kwenye chesesi, kisichomelewe kwenye bampa. Chini yake pitisha minyororo miwili ya usalama iliyopishana. Taa nazo: tela nyingi za Marekani hutumia balbu moja nyekundu kwa breki na kwa indiketa, wakati gari lako lina nyaya mbalimbali, kwa hiyo fundi umeme aweke kifaa cha kuunganisha, asiunganishe nyaya kwa kubahatisha. Tela linasajiliwa TRA na kuwa na namba yake. Usisubiri askari wa barabarani akukumbushe.

Uzito unaolalia kichwa cha kufungia uwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ukiwa mdogo kuliko hapo, tela linaanza kuyumba kama mkia, na ukifunga breki ghafla ndiyo unalikorofisha zaidi. Achia mafuta polepole mpaka litulie. Ndiyo maana kichwa cha msumeno kinafungwa mahali pale pale mtengenezaji alipopaonyesha, kimeshushwa na kupigwa pini, na usipakie madumu na mikanda ya akiba nyuma ya ekseli. Mkanda wenyewe uutoe kabla ya safari. Ukiondoka, simama baada ya kilomita chache, weka mkono kwenye kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa; kikikuunguza, beringi inakufa. Beba beringi za akiba, grisi, na tairi la akiba la tela lenyewe, kwa kuwa la Hilux halitaingia. Kwenye lami kilomita 60 kwa saa zinatosha. Kwenye changarawe usishindane na pikipiki.

Na safari ya Liwale usiipange masika. Kuanzia Desemba hadi Aprili udongo mweusi wa mabondeni unashika gurudumu la tela mpaka kwenye ekseli, na gari lenye tela halirudi nyuma kirahisi. Kazi ya kuhamahama iwe kiangazi. Juni hadi Septemba ndiyo nafasi yako: barabara kavu, na vijana bado wanapatikana. Mwezi wa kumi ukiingia, kila mwenye mikono yuko kwenye mikorosho, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao. Masika mashine ikae karakanani kwako ichane magogo uliyoletewa.

Ukifika kijijini, ukiegesha tu ukaanza kuchana, utatoa mbao zilizojipinda. Fremu ya mashine ikae juu ya miguu yake yote, imenyooka. Weka vibao vipana chini ya kila mguu ili usizame mchangani, vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli, pima, rekebisha, na upime tena baada ya gogo la tatu la uzito, maana ardhi itakuwa imeshuka. Gogo la unene wa sentimita 50 na urefu wa mita 4 ni kama robo tatu ya mita ya ujazo, na likiwa bichi la mti mgumu linakaribia tani moja. Likidondokea reli kwa kishindo, kila kitu ulichopima kimeharibika. Watu wasisimame kwenye mstari wa mkanda, upande wowote. Kijijini watoto watakuja kutazama. Zungusha kamba mbali, na mtu mzima awe na kazi ya kuwazuia. Wakati wa kufungua mkanda uliokunjwa, glavu na miwani, maana unafyatuka.

Bei ya huduma yako ipange kwa saa za injini, usipange kwa ubao. Ukikubali kulipwa kwa ubao, utaletewa mikorosho iliyojipinda kutwa nzima na utalipwa mbao kumi. Kwa saa, mwenye gogo baya ndiye anayebeba ubaya wa gogo lake. Andika makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mkanda ukikutana na chuma ndani ya gogo, mwenye gogo analipa mkanda. Mabanzi ni ya nani, semeni mapema, watu hugombana kwa sababu ya mabanzi. Kujua kama unapata au unapoteza, hesabu kwa mita ya ujazo. Mbao za inchi 1 kwa 8 za futi 12 zinazojaza mita moja ya ujazo ni kama 53; za 2 kwa 6 za urefu huo ni kama 35. Gogo lililonyooka likikupa nusu ya ujazo wake kuwa mbao safi, umefanya vizuri. Kwa mashine ya mikono na vijana watatu waliozoea, mita 2 za ujazo za mbao kwa siku kwenye mti mgumu ni kazi ya kuheshimika. Zidisha hiyo kwa siku ambazo kweli utakuwa na magogo. Usizidishe kwa siku za mwaka.

Kuhusu injini: ya petroli ni nyepesi, inawaka kwa urahisi, na spea zake ndogondogo zinapatikana kwa mafundi wa jenereta. Inakunywa zaidi. Ya dizeli ni nzito na ya bei, ila inavumilia kazi ya kutwa, na mafuta yake ndiyo hayo hayo ya gari lako kama Hilux yako ni ya dizeli. Unabeba aina moja ya dumu. Kama vijiji utakavyozungumza navyo vina kazi ya wiki mfululizo, chukua dizeli. Kama utachana miembe na mitiki karakanani siku mbili tatu kwa wiki, petroli inakutosha, na fedha inayobaki ipeleke kwenye mashine ya kunolea. Kwa yoyote utakayochukua, filta ya hewa ifunguliwe na kusafishwa kila jioni. Vumbi la mbao likichanganyika na vumbi la Nachingwea linaziba filta ndani ya siku moja, na petroli ya kupimiwa kwenye chupa pembeni mwa barabara uichuje kwa kitambaa kabla haijaingia tangini.